Fundo la Matete

Juni 18
Wazee wamenichagua tena kuwa mkuu wa mpunga, mara ya kumi na moja. Jaruba langu litavunwa kwanza. Hakuna mtu wa Lubbong atakayetia kisu katika lake kabla ya hapo. Ni mimi nitakayetangaza siku ya mwiko, na ni mimi nitakayesimamisha matete yaliyofungwa fundo kwenye njia zote tatu, ili aliye ndani asitoke na aliye nje asiingie mpaka jua la siku ya pili lichomoze.

Nilifundisha lugha kwa miaka thelathini na sita. Tangu nistaafu huwa naandika kila msimu katika daftari, kwa kuwa habari za mdomo hutiwa chumvi kila zinapopita. Nitaandika lililotokea na siku lililotokea, basi.

Mpunga una rangi nzuri. Panya si wengi.

Juni 19
Jua kali. Nimenoa visu.

Juni 21
Talinay amerudi kutoka mjini. Ni binti wa dada yangu Appeng, ana miaka arobaini na miwili, na ni mkunga wa zahanati. Nusu ya watoto wa kijiji hiki wameangukia mikononi mwake. Kwa miaka mitatu sasa ndiye anayewaongoza watu wa bonde letu kupinga bwawa la umeme, ambalo likijengwa maji yatafunika majaruba yote ya chini na nyumba ishirini na tatu. Mimi pia silitaki bwawa. Naandika hivi isije ikadhaniwa vinginevyo. Ila sipendi kelele.

Nilikuwa nimesimama juu ya ukuta wa jaruba nikamwona anavuka daraja la kamba. Havuki kama watu. Hupiga magoti, hufumba macho, hutambaa ubao kwa ubao na begi mgongoni. Wanawake waliokuwa wakifua mtoni waliacha kazi ili wamtazame.

Dugyon, ambaye ndiye kiongozi wa waimbaji wetu wa mavuno, alipaza sauti: "Haya jamani, ng'ombe wetu amefika!"

"Nimemaliza?" Talinay aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Umemaliza kitambo, mama! Hapo unatambaa nchi kavu!"

"Mbona bado panatikisika?"

"Ni hayo makalio yako!"

Walicheka wote, naye akacheka, akakaa chini palepale kwenye matope. Gazeti la mjini limemwita huyu "shujaa wa milima". Nililisoma mwenyewe. Sentensi hiyo ilikuwa na makosa mawili, na la pili ndilo hilo neno.

Juni 24
Tumeanza kwangu. Wanawake kumi na tisa waliingia jaruboni mapema, wakajipanga mstari mmoja, Dugyon katikati, na tambuu mdomoni kama kawaida. Alipoanza wimbo wa Gumihad, mistari ya mpunga ilianza kuanguka kwa mpigo mmoja.

Wimbo huu nimeuandika kwa miaka arobaini, kutoka vinywani mwa wanawake walio hai na wengi waliokufa. Una kurasa mia tatu na kumi na mbili. Adui walikuja mtoni siku ya mwiko, wakati mtu haruhusiwi kutoka. Gumihad akaruka fundo la matete, akashuka mtoni na ngao yake, akapigana siku saba bila kula. Mama yake alimwita. Hakugeuka nyuma. Kila nilipofundisha wimbo huu nilimaliza kwa swali lilelile: shujaa ni nani? Na jibu lilikuwa moja: ni yule asiyeogopa.

Wakati wa mapumziko Dugyon alinigeukia. "Mwalimu, nikuulize. Hizo siku saba, nani alimpelekea chakula?"

"Hakula. Imesemwa hakula."

"Na haja ndogo?"

Mstari mzima ulivunjika kwa kicheko. Nilimwambia wimbo huu ni mtukufu.

"Si ndiyo maana nauliza? Mimi ndiye ninayeuimba. Wewe unauandika tu."

Talinay alikuwa miongoni mwao, sketi imekunjwa mpaka magotini. Akasema, "Mjomba, unakumbuka ule mtihani wa darasa la nne? Uliuliza shujaa ni nani, mimi nikaandika ni mama yake Gumihad."

"Sikumbuki."

"Ulinipa sifuri. Tena kubwa, imejaa ukurasa."

"Basi lilikuwa jibu lisilo sahihi."

"Ndiyo, ulivyoandika ni hivyohivyo," alisema, na wanawake wakacheka tena, sasa wakinicheka mimi.

Miganda mia mbili na arobaini kutoka jaruba la juu. Ni mavuno mazuri.

Juni 26
Mawingu, bila mvua.

Juni 29
Jaruba la Appeng limekwisha. Konokono wengi kwenye maji mwaka huu.

Julai 1
Kumebandikwa bango kwenye nguzo ya daraja, upande wa ng'ambo. Lina picha nane, na juu yake maandishi mekundu: MAADUI WA TAIFA. Picha ya tatu ni ya Talinay. Wametumia picha aliyopigwa siku ya chanjo. Ukitazama vizuri utaona mkono wa mtoto umeshika kola yake.

Hakuna aliyeona waliolibandika. Vijana walitaka kulichana, Talinay akawazuia. "Wakija wakikuta halipo watauliza nani kalitoa, na nyinyi hamna hata mmoja anayejua kusema uongo." Kisha alikwenda nyuma ya ghala, akatapika. Nilimsikia. Dugyon alimshika paji la uso kama mtoto.

Nilifikiri, Gumihad hakutapika.

Julai 3
Mvua ya asubuhi. Hatukuvuna.

Julai 5
Jana kulikuwa na mkutano chini ya ghala la Appeng, kati ya nguzo zake. Sikualikwa, lakini mtu hahitaji mwaliko kukaa karibu na nyumba ya dada yake. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, na Talinay alipewa kile kigoda cha mti mwekundu ambacho mimi hukalia wakati wa kuchinja.

Aliwaeleza habari ya Julai 14. Siku hiyo maofisa wa bwawa watafanya kikao mjini na vijiji vyote vya bonde. Watahesabu vichwa. Kijiji kitakacholeta watu wachache kitaandikwa kwamba hakina pingamizi. Alizungumza vibaya. Alianza sentensi tatu asizozimaliza. Mtu mmoja akauliza, je, wakitupiga?

"Naogopa hilo pia," alisema. "Mimi naogopa kuliko ninyi nyote, mnanijua. Lakini sikilizeni. Tumelelewa na wimbo. Kila mmoja wetu, moyoni, anamngoja Gumihad aje aruke fundo. Haji. Gumihad haji, jamani. Tutakwenda sisi."

Wakapiga makofi. Vijana walisimama. Hata mwenyekiti wa kijiji, Pallay, ambaye huwa anapiga makofi kwa yeyote anayezungumza mwisho, alipiga.

Gumihad haji. Miaka arobaini ya kazi yangu, na kurasa mia tatu na kumi na mbili, na binti wa dada yangu amekaa juu ya kigoda changu anawaambia watu hivyo.

Julai 6
Jua. Sikulala vizuri.

Julai 8
Nimechinja kuku ili kutafuta siku ya mwiko. Nyongo ilikuwa imejaa, nyeusi, imelala vizuri juu ya ini. Nyongo njema haichagui siku. Husema tu kwamba wakati umefika. Siku anaichagua mkuu wa mpunga. Inaweza kuwa kumi na tatu, kumi na nne, au kumi na sita.

Julai 9
Talinay alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha. Alijua nimeshachinja.

"Mjomba, sikuombi mengi. Isiwe tarehe kumi na nne tu."

Nilimwambia mpunga haufuati kalenda ya wilaya.

"Najua. Lakini wewe unaweza kuufuatisha kidogo."

Nilimwambia nitafikiri.

Julai 11
Nimetangaza. Siku ya mwiko ni tarehe kumi na nne.

Niandike sababu zangu maana daftari hili si la kujipamba. Kwanza, tarehe kumi na tatu majaruba mawili bado hayatakuwa yamekwisha. Pili, kuna lile bango darajani; watu wangu wakikaa ndani hakuna atakayewapiga. Tatu, ile sentensi ya Julai 4. Nimeziandika kwa mpangilio huu, lakini sina hakika kama ndio mpangilio wake.

Hakuna aliyebisha. Vijana walitazama chini. Mtu wa Lubbong anaweza kumbishia hakimu, padri na askari, lakini habishii fundo. Hata mtoto wa mwaka mmoja akivuka fundo, panya wataingia ghalani kwa sababu yake.

Talinay alinifuata mpaka nyumbani. Hakukaa.

"Unanifungia mimi, au unawafungia wao?"

"Nafunga kijiji. Ni mila. Nyinyi wanaharakati mnaona mila ni kamba ya kurukwa."

"Gumihad ndiye aliyeruka, mjomba. Na unamsifu. Mimi sijawahi kuruka fundo lako, hata nilipokuwa mtoto."

"Basi kaa ndani kama wenzako."

"Nitatoka tarehe kumi na tatu, kabla hujafunga. Mtu mmoja lazima awepo, waandike kwamba Lubbong ilifika. Nilitaka tuwe mia. Penye watu mia hapahitajiki shujaa. Hakuna wa kumwonyesha kidole. Unanielewa? Sikutaka kuwa huyo mtu."

Nilimjibu: "Gumihad alikwenda peke yake."

"Ndiyo. Na mama yake alimwita, na hakuna hata mmoja aliyemfuata. Hapo ndipo mimi huwa nalia. Nyinyi mnapiga makofi."

Kisha akaniuliza fundo litafunguliwa lini. Nikamwambia tarehe kumi na tano, jua likichomoza. Akasema, "Haya. Nihifadhie mganda wangu wa kwanza, Dugyon asiuchanganye na wake."

Julai 13
Majaruba mawili ya mwisho ya upande wa juu yamekwisha. Talinay aliondoka saa nne asubuhi. Alivuka daraja kwa magoti, macho yamefumbwa, akapita chini ya picha yake. Wanawake walikuwa mtoni. Hakuna aliyecheka.

Alasiri nilifunga mafundo, nikasimamisha matete kwenye njia ya juu, njia ya kati na njia ya chini.

Julai 14
Siku ya mwiko. Kijiji kimetulia. Upepo na mvua kidogo baada ya saa nane. Karibu na saa kumi nilisikia kelele upande wa kijito. Nadhani Bibi Ulliya wa ng'ambo anafukuza nguruwe mwitu katika viazi vyake. Nimepumzika. Nimesahihisha ukurasa wa 140.

Julai 15
Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Jua lilipochomoza nilikwenda kufungua mafundo. Nilianza juu, nikashuka kati, nikamalizia njia ya chini, ile inayotoka darajani. Tete lilikuwa limesimama, na fundo lake. Hatua ishirini nje yake kuna kibanda cha kupumzishia mizigo. Niliona maganda ya viazi vitamu yametupwa chini, nikakasirika, nikasema moyoni kwamba watu siku hizi hawana adabu. Kisha nikaona kandambili moja. Kisha begi, limetundikwa kwenye msumari vizuri, kama mtu anavyolitundika akiwa na muda mwingi wa kungoja.

Bibi Ulliya aliniita kutoka ng'ambo ya kijito. Yeye ni wa kijiji jirani, mwiko wetu haumhusu, na jana yote alikuwa shambani kwake. Ni mzee kuliko mimi, na hakuniita mwalimu.

"We mwanamume! Leo ndio unakuja?"

Nikamuuliza ameona nini.

"Alikuja saa tisa, anahema. Akafika hapo penye fundo lako, akasimama. Nikamwambia, 'Pita, mwanangu, kuna pikipiki zimekuja mpaka darajani, nazisikia.' Akasema, 'Siwezi, bibi, ni mwiko.' Nikamwambia, 'Basi njoo kwangu.' Akatazama kijito, maji yalikuwa yamejaa mvua, unamjua na maji. Akasema, 'Nitakaa hapa, watu wako karibu, nikipiga kelele watanisikia.' Akakaa. Akala viazi vyake."

"Halafu?"

"Halafu wakaja wanaume wanne. Wamefunga vitambaa usoni. Alipiga kelele. Mimi nikapiga kelele. Tulipiga kelele sote wawili." Alinitazama kwa muda mrefu kuvuka maji yale. "Moshi ulikuwa unatoka kwenye nyumba zenu. Niliuona. Mlikuwemo."

Tulikuwemo. Kutoka kibandani mpaka nyumba ya kwanza ni umbali ambao mtoto hupita akiimba wimbo mmoja mfupi. Leo nimeuliza nyumba kwa nyumba. Nyumba sita zilisikia. Katika kila moja watu walitazamana, wakasema ni mwiko, haiwezi kuwa jambo. Nyumba ya Appeng ilisikia. Appeng alisimama mlangoni. Jirani akamwambia, "Mwalimu angekuwa amesikia, angetoka." Na akakaa.

Nilipompelekea Appeng begi hakulia. Alilifungua, akatoa vitu kimoja kimoja, akavipanga mkekani: mwavuli, kalamu mbili, dawa ya tumbo, karatasi ya kikao. Akauliza, "Kaka, alikuwa upande gani wa fundo?"

"Wa nje."

"Alikuwa amefika nyumbani, basi," alisema.

Julai 16
Tumemtafuta bonde zima, watu wote, hata Pallay. Kandambili ya pili imepatikana kando ya barabara.

Julai 17
Polisi wanasema mtu mzima anaweza kwenda atakako. Wameniuliza kama alikuwa na ugomvi na ndugu zake.

Julai 18
Nimekwenda na Appeng kwenye kambi ya jeshi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilitazama chini kupitia mbao za daraja. Nina miaka sabini na minne na nimelivuka mara elfu bila kutazama.

Getini alikuwapo kijana niliyemfundisha. Alinijua, akasimama wima kama darasani.

"Mwalimu, humu hayumo."

"Umeangalia?"

"Mwalimu, wanasema amepanda milimani na wenzake wenye bunduki."

Appeng akamwambia, "Mwanangu anaogopa mbwa. Anaogopa daraja. Bunduki ataishika na mkono gani? Mama yako alizalishwa na yeye, unajua? Ulikuja miguu mbele. Alikugeuza usiku kucha."

Kijana alitazama juu ya vichwa vyetu. "Nendeni nyumbani, mama. Nawaomba. Msije tena siku ya zamu yangu."

Julai 20
Karatasi ya kikao imeletwa kwa Pallay. Vijiji tisa vimeandikwa. Mbele ya jina letu imeandikwa: "Lubbong: alihudhuria mtu mmoja. Hakuna pingamizi la wananchi." Haina kosa hata moja la lugha.

Julai 22
Dhoruba ya kwanza ya msimu. Mvua tangu asubuhi, majaruba ya chini hayavuniki. Nimekaa nikasoma kurasa zote mia tatu na kumi na mbili nikitafuta jambo moja. Gumihad alipokuwa mtoni, kijiji kilikuwa kinafanya nini?

Limo katika ukurasa wa 140. "Kijiji kilikaa ndani ya mwiko, na moshi ulipanda kutoka mapaa yote." Mstari mmoja. Ukurasa huohuo niliusahihisha Julai 14, alasiri, nilipokuwa nasikia kelele. Nilihamisha nukta moja.

Walikaa siku saba wakimsikiliza. Kisha wakatunga wimbo. Wimbo wote umetungwa na watu waliokaa ndani. Ndiyo maana unasema hakuogopa. Wangejuaje? Hawakuwapo. Walihitaji asiwe ameogopa. Mtu asiyeogopa, asiyeona njaa, asiyegeuka nyuma, huyo unaweza kumwacha peke yake mtoni siku saba na ukala wali wako. Nimewafundisha watoto wa vizazi viwili jambo hilo, na aliyeliona alikuwa na miaka tisa, na nilimpa sifuri.

Niliwahi kudhani siku nikijua shujaa wa kweli ni nani nitafurahi.

Julai 23
Mvua.

Julai 24
Mvua. Ukuta wa jaruba la tatu umebomoka.

Julai 26
Jua kidogo. Tumeingia majaruba ya chini. Wanawake walivuna bila kuimba, na bila wimbo visu havina mpigo mmoja. Mstari ulikuwa unapinda kama nyoka. Vijana wakaja kwa Dugyon wakamwambia aimbe jina la Talinay mahali pa Gumihad. Watu wa vijiji vingine wamekwisha kulichora jina lake kwenye mawe ya barabarani. Mmoja wa vijana hao aliniita mimi pia. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye wimbo. Mwongeze. Sasa ni shujaa kama yeye."

Appeng aliweka chini mganda wake.

"Mkimwimba mmemuua," alisema. "Mnataka asiwe ameogopa, siyo? Mnataka asiwe amelia. Alilia! Ulliya alimsikia anamwita mama. Niliitwa mimi, na sikwenda, na sasa mnitengenezee wimbo nicheze?" Kisha akanigeukia. "Kaka, usimtie katika kitabu chako. Mwanangu ana jina, ana mahali pa kulala, ana mganda wake ghalani. Si hadithi."

Dugyon alitema tambuu. "Basi tuvune kimya," alisema. Tukavuna kimya mpaka jua likazama.

Julai 28
Mganda wa mwisho umeingia ghalani.

Julai 30
Mwiko wa kufunga mavuno. Nilitaka wanichagulie mtu mwingine wa kusimamisha matete. Wazee wakasema aliyefungua msimu ndiye anayeufunga. Nikayasimamisha. Mikono yangu ilikosea fundo mara mbili.

Saa tatu asubuhi walikuja wapimaji wa bwawa, watu watano wenye kofia za njano. Walipita njia ya chini. Hawakusimama hata kidogo. Aliyetangulia aliling'oa tete langu, akalishika, na alipofika kwenye jaruba la Appeng akalitumbukiza majini ili apime kina.

Nilishuka. Nilimwambia, kwa maneno yaliyonyooka, kwamba hicho alichoshika kimefunga kijiji.

Alilitazama tete, akaligeuza. Hakuwa mtu mbaya. "Samahani sana, mzee. Sikujua kama ni kitu." Akanirudishia, limelowa nusu.

Watu walikuwa wanatazama kutoka milangoni. Hakuna aliyetoka, maana ni mwiko.

Agosti 2
Nimekwenda kwa Bibi Ulliya na mganda wa mpunga. Nilitaka aniambie tena, polepole, kila alichokiona, kabla mmoja wetu hajafa. Hakuupokea mganda. Lakini alinieleza, na kulikuwa na jambo ambalo siku ile hakulisema. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Siku ile ulikuwa na uso wa mtu anayeweza kuanguka, na mimi siwezi kubeba mwanamume."

Nililiandika palepale alivyolisema, na hapa nalinakili. Ni mimi niliyelifunga fundo, na mkuu wa mpunga ndiye anayepaswa kuandika hali ya mafundo yake.

Siku ile upepo ulivuma tangu saa nane. Talinay alipofika, fundo halikuwa limesimama. Tete lilikuwa limeanguka kando ya njia, ndani ya majani. Njia ilikuwa wazi. Mtu yeyote angepita na asingekuwa amevunja mwiko wa mtu, kwa maana fundo lililoanguka si fundo. Ni sheria yetu wenyewe, nami nimeifundisha.

Alisimama akalitazama. Kisha akaliokota, akalipangusa matope, akalichomeka tena mahali pake, akalishindilia kwa kisigino ili lisianguke. Bibi Ulliya akamwuliza anafanya nini, na pikipiki zinakuja.

"Mjomba wangu atahuzunika akilikuta limeanguka," alisema. "Panya wataingia ghalani."

Ndipo akarudi hatua ishirini, akakaa kibandani.

Agosti 3
Sikuandika.

Agosti 6
Mvua. Mpunga wote umo ghalani na hakuna panya. Appeng ameutoa mganda wa Talinay chini ya rundo, akauweka karibu na mlango, ili akija asisumbuke kuutafuta.